Siku Nilipoifunika Kompyuta kwa Blanketi

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nikiwa na umri kama wako huu, na kichwa kigumu kuliko chako. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne, nikakigeuza studio. Usicheke. Studio yenyewe ilikuwa maikrofoni moja, magodoro mawili niliyoyasimamisha ukutani kumeza mwangwi, meza ya plaiwudi, na kompyuta ya mezani niliyoipata ikiwa kuukuu. Lakini siku hiyo niliamka nikiwa na furaha hata chai ikanishinda kunywa, maana kwaya ya kanisa letu kule Huruma ilikuwa inakuja kurekodi, na mwimbishaji alikuwa Mama Rhoda.

Mama Rhoda aliuza mitumba siku za wiki, na Jumapili akianza pambio, hata mtoto aliyekuwa akilia mgongoni kwa mamake alinyamaza. Sasa shingoni alikuwa na uvimbe ulioendelea kukua. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupasuliwa, na daktari hakumficha: huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Alitaka jambo moja tu, wimbo alioutunga mwenyewe ubaki mahali ambapo wajukuu wake wangeusikia.

Basi wakaja, watu kumi na wawili, wakapanda ngazi wakihema na kutaniana. Nikawapanga, nikamvalisha Mama Rhoda vipokea sauti masikioni, nikawasha mashine.

Feni ya kompyuta ikaanza kunguruma kama kinu cha kusaga unga.

Nisikudanganye, nilikuwa nimeisikia wiki tatu nzima. Kila ilipozidi, nami niliongeza sauti ya muziki. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilikuwa nayatazama mawingu nikianika nguo.

Katika waimbaji wa besi alikuwapo Mzee Wafula. Alikuwa amestaafu kiwanda kimoja cha Industrial Area, eneo la viwanda mjini, alikotunza mafeni makubwa ya kupoza mitambo. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Binti, hiyo mashine yako inalalamika."

"Ni feni tu, mzee. Imezoea hivyo. Ngoja niinyamazishe."

Nikavuta blanketi kitandani, nikalifunika kasha la kompyuta gubigubi, juu na pande zote. Ngurumo ikafifia. Nilijiona mjanja kweli, mwanangu. Mzee Wafula alifungua mdomo kusema kitu, mimi nikawa tayari nimeinua mkono kuwaashiria waanze.

Mama Rhoda akaimba. Ubeti wa kwanza, nywele zikanisimama. Wa pili, mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kufuta machozi bila kuacha kuimba. Katika ubeti wa tatu nikasikia feni ikipaza sauti chini ya blanketi, ikizidi, ikizidi, halafu kimya. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Nilipoliondoa blanketi, joto lilinipiga usoni kama nimefungua sufuria ya ugali.

Nilipoiwasha tena, wimbo haukuwamo. Sikuwa nimeuhifadhi.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama Rhoda aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akashika shingo. "Koo limeanza kukaza," alisema kwa upole. "Naweza mara moja tena. Mbili, sidhani."

Hapo ndipo Mzee Wafula akaniita kando ya meza.

"Binti yangu, kiwandani tulikuwa tukisema mashine haina mdomo, ina kelele. Ilikuwa inakuambia mahali inapougua. Wewe ukaiziba mdomo, na pua pia. Ungefanyiwa hivyo wewe, ungeishi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Chomoa umeme. Niletee bisibisi, brashi na patipati za zamani."

Tulifungua kasha pamoja, naye hakugusa kitu, alinielekeza tu. "Shika feni kwa kidole isizunguke, kisha usafishe." Nikaona aibu yangu mwenyewe: mwezi uliotangulia nilikuwa nimeipangusa kwa kitambaa chenye maji, nikaishia pale mkono ulipofika. Mabawa matatu yalikuwa safi, na mengine yalibeba vumbi lililoganda kama matope. "Sasa unaelewa," alisema. "Upande mmoja mzito, mwingine mwepesi. Mtu aliyebeba ndoo moja hutembea akiyumba." Skrubu moja ya feni ilikuwa imelegea, na nyingine haikuwapo kabisa. Tukasugua kila bawa kwa brashi kavu, tukatafuta skrubu ya kufaa, tukakaza zote nne, kila moja kiasi, bila kulazimisha.

Kisha akaweka kiganja juu ya meza yangu. "Na hii plaiwudi ndiyo ngoma. Feni inatikisa kasha, kasha linatikisa meza, meza inapiga kelele kuliko wote." Tukaishusha kompyuta sakafuni, mbali na maikrofoni, tukazikata zile patipati, ndara za mpira, vipande vinne na kuvitia chini ya pembe zake. Nyuma na pembeni tukaacha nafasi ya hewa kupita.

Nikawasha. Mwanangu, nilidhani haijawaka. Ilibidi niiname ndipo nikasikia mvumo mdogo wa upepo. Nilicheka peke yangu kama mwehu, na kwaya nzima ikacheka nami, na Mzee Wafula akajikausha kana kwamba hakufanya lolote, ila masharubu yalikuwa yakimcheza.

Mama Rhoda alisimama. Katika utulivu ule, nilimsikia akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Aliimba beti zote tano. Nami mara hii nilihifadhi wimbo kabla hata ya kusema amina.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti yake ilirudi, lakini ilirudi nzito, haipandi tena kule juu. Alilia siku mbili, ya tatu akahamia mstari wa sauti za chini na kusimama karibu na Mzee Wafula, na hapo anaimba mpaka leo. Wajukuu wanapobisha kwamba nyanya yao hakuwahi kuimba sauti ya juu, yeye huwawekea ule wimbo, akakunja mikono na kungoja nyuso zao zibadilike.

Nawe mwanangu unayeniletea malalamiko ya kompyuta yako, sikia. Kelele usiifunike, itafute inakotoka. Zima kwanza, chomoa, fungua. Safisha kila bawa, si yale unayoyaona tu. Kaza kilicholegea, tenganisha kinachotikisa na kinachotikiswa, na usizibe njia ya hewa hata siku moja. Na likitokea neno linanguruma ndani ya nyumba yako, au ndani ya kifua chako, lifanyie vivyo hivyo, maana penye wazee haliharibiki neno, mradi wazee wenyewe waachwe waseme.

Mungu akupe sikio linalosikia mapema, mikono isiyokimbia kazi, na watu watakaokuambia ukweli bila kukuaibisha. Nenda salama, mwanangu, na kazi yako itulie.