Bwana Magugu na Mchicha wa Mama Irene

Gwakisa aliletwa Minnesota na masomo ya kilimo, akabakizwa na kazi ya manispaa. Mwaka 1991 mji mmoja mdogo kaskazini ya Minneapolis ulimwajiri kuwa mkaguzi wa magugu. Bosi wake alijivunia kwamba kazi za namna hiyo ni za tangu Marekani ikiwa koloni, miji ya walowezi ilipomchagua mtu wa kukagua nyua za mashamba na mwingine wa kukamata nguruwe waliozurura. Gwakisa akapewa gari, fimbo ya kupimia na fomu. Majani yakipita inchi kumi na mbili, anaandika. Mwenye nyumba asipokata kwa siku saba, mashine inapelekwa.

Wazungu walimfungia mlango usoni. Watanzania wenzake wa mji huo walimwita Bwana Magugu, wakacheka, lakini wakamkaribisha.

Mpaka Septemba moja, jirani Mzungu alipopeleka ofisini malalamiko juu ya Mtanzania mwenzao Dafrosa, Mama Irene. Mchicha wa mbele ya nyumba yake ulifika kiunoni. Aliuacha makusudi ukomae, maana yeye ndiye aliyewagawia wenzake mbegu kila mwaka, kwenye vichupa vya dawa, Gwakisa akiwemo.

Gwakisa alifika mchana. Akakaribishwa, akala ugali kwa mchicha huohuo, akanawa. Ndipo akatoa fomu. Dafrosa aliomba wiki mbili mbegu zikauke. Akajibiwa kwamba sheria haina wiki mbili, na kwamba kwenye kitabu cha ofisi mmea ule ni gugu.

"Gugu hilo umekula sahani mbili, shemeji," alisema Dafrosa. "Ungeitoa hiyo karatasi mlangoni ningekuelewa. Umesubiri ushibe."

Siku ya nane mashine ilipita, mbegu zikaenda zikiwa changa. Jumapili, kanisani, hakuna aliyeketi benchi la Gwakisa. Mkewe, Laurencia, akaondolewa kimyakimya kwenye kamati ya harusi ya Noela, binti wa Mtanzania mwenzao.

Jumatatu, ofisini, Gwakisa alikuta fomu mpya mezani. Mlalamikaji, Dafrosa. Anwani, nyumba ya Gwakisa mwenyewe: nyuma ya gereji, kwenye mchicha wa mbegu alizopewa naye. Wengine wote walikuwa wamechuma mchicha wao ukiwa mdogo. Mbegu iliyosalia ilikuwa hiyo tu.

Alipofika nyumbani na fimbo, Dafrosa alikuwa amesimama kwenye njia ya gereji, mikono kifuani.

"Mama Irene, nipe siku kumi," alisema Gwakisa. "Nilitaka nikuletee wewe hizi mbegu."

"Sheria haina siku kumi. Pima, Bwana Magugu."

Alipima. Akaandika inchi thelathini na nane, akaweka sahihi, akaingia gereji kutafuta panga.