Paa la Mkono Mmoja

Mimi ni fundi wa vitanda, na vitanda vyangu ni vizito. Nasema hivyo kwa kujisifu, sikufichi. Hapa Magomeni, Mtwara, ukitaka kitanda cha kuhamishwa na mtu mmoja nenda kwa mwingine. Cha kwangu watabeba wanaume wanne, na njiani watapumzika. Mninga mtupu. Miaka yangu yote ya kazi niliamini kwamba kitu chepesi ni kitu cha uongo, na aliyenivua imani hiyo ni mke wangu, akiwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi.

Kiharusi kilimkuta jikoni mwaka juzi, akisonga ugali. Upande wa kulia wote ukalala. Mguu ulirudi polepole kwa mazoezi ya hospitali, akaweza kutembea na bakora. Mkono haukurudi. Ulimi, alhamdulillahi, haukuguswa hata kidogo. Wanaomjua wanasema ugonjwa uliuogopa.

Mke wangu ana shamba la mikorosho Mahurunga, si mbali na mto Ruvuma. Ni lake, siyo langu. Alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Kila msimu korosho zikianza kudondoka alikuwa anahamia huko, analala kwenye kibanda cha makuti, anaamka alfajiri kuokota kabla ya mbuzi na wezi, wala harudi mjini mpaka mkorosho wa mwisho umalize. Msimu wa kwanza baada ya kuugua hakwenda. Alikaa barazani, na kila lori la magunia likipita anageuza uso.

Msimu wa pili ulipokaribia, binti yetu anayefanya kazi Dar akapiga simu. "Baba, tulikodishe lile shamba. Mama hawezi tena kulala kibandani, na akizidiwa kule nani atamkimbiza hospitali? Mtu wa kulikodi yupo, anasubiri jibu."

Sikumlaumu. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa analia. Nikampa mama yake simu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia, mwanangu," akakata. Kisha akanigeukia.

"Baba watoto, wakilikodisha mimi ndiyo basi tena. Nitakuwa mtu wa kulishwa na kuogeshwa mpaka mnizike. Nataka kulala shambani kwangu, mahali ninapofungua na kufunga mwenyewe. Kama huwezi, sema."

Mimi nisiweze? Lo!

Wazo nilikuwa nalo. Miezi kadhaa nyuma, Mzungu mmoja na mkewe, wakielekea kwenye kivuko cha Msumbiji, walileta pikapu yao karakanani niwaungie ubao wa kitanda uliovunjika. Mgongoni mwa ile pikapu palikuwa na kijumba kifupi, hakizidi sana kimo cha gari. Mzee wa watu akasukuma kidogo, paa likapanda, kuta za turubai zikajinyoosha, na ndani mtu akasimama wima. Kuna kitanda, jiko dogo na dirisha la wavu. Siku ile nilicheka nikasema Wazungu nao wana mambo, watu wazima wanalala kwenye gari. Sasa sikucheka. Nami nina pikapu yangu kuukuu ya kubebea vitanda. Nikipandisha kijumba mgongoni, mke wangu atalala kwenye kitanda cha kimo cha kukalia, na akizidiwa, Mungu apishe mbali, gari si ndilo hilo chini yake?

Nikajenga kwa namna ninayoijua. Fremu ya mninga, sakafu ya mninga, paa la mbao na bati juu yake. Kila pembe niliweka bomba dogo linaloteleza ndani ya bomba kubwa, na kamba inayopita kwenye roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Ukikaa kitandani ukavuta kamba kwenda chini, paa linapanda. Hesabu nzuri kabisa. Nilipomaliza, pikapu ikakaa nyuma kama kuku anayetaga.

Jirani yangu wa karakana, fundi wa magari, akaja akazunguka, akainama kutazama springi. "Fundi, hili jeneza la nani?"

"Wewe kafunge boliti zako," nikamwambia.

Lakini usiku ule nilijaribu mwenyewe kuvuta ile kamba, kwa mikono miwili, na mishipa ya shingo ilinitoka. Nilijua mkono wake mmoja hauliwezi. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Asubuhi nikamwita mke wangu, na majirani wakaja kushuhudia. Akapanda, akaketi kitandani, akashika kamba kwa mkono wa kushoto. Mimi nikazunguka nyuma, asikoweza kuniona, nikaweka bega chini ya paa. Akavuta. Nikasukuma. Paa likapanda! Wanawake wakapiga vigelegele. Uso wake kwa ndani sikuuona, ila nilimsikia akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue, nami nikasukuma kwa nguvu zaidi huku machozi yananilengalenga.

Kumbe mwenzangu alishaachia kamba. Alikuwa anajikuna shingo. Na paa likaendelea kupanda.

Vigelegele vikakatika. Kisha nikasikia sauti yake, wala haikuwa ya juu: "Niteremsheni."

Hakunisemesha kutwa ile wala kesho yake. Siku ya tatu, nikimpelekea chai, akasema bila kunitazama, "Binti yangu anasema siwezi, ananiambia usoni. Wewe unanifanya mjinga mbele za watu." Nikampigia binti yetu nikamwomba anisubirie wiki mbili, basi, halafu nitakubali lolote. Nilikwenda kukaa kwa fundi wa magari, kwenye tairi, nikamweleza yote. Nilidhani atanicheka.

Hakucheka. Akaniuliza, "Umepima gari, umepima mbao. Mkono wake umeupima?"

Nikaazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia korosho, nikaitundika kwenye boriti ya baraza letu. Nikamwambia mke wangu, "Nisamehe. Sitajenga tena kwa kubahatisha. Vuta hapa, nijue." Akavuta. Mshale ukasimama kwenye saba.

"Kilo saba," nikasema, nikaandika ukutani kwa kalamu ya seremala.

"Futa," akasema. "Asubuhi kila mtu ana nguvu. Nipime jioni, nikiwa nimechoka."

Jioni ilikuwa tano. Nikaandika tano.

Haya bwana, nikabomoa. Mninga wangu wote nikautoa, ubao kwa ubao, na roho inaniuma kweli kweli. Fremu nikaifanya kwa mabomba ya aluminiamu. Kuta za chini, plaiwudi nyembamba ambayo zamani nisingeitumia hata kuziba tundu la panya; za juu, turubai. Paa nikalifanya kwa plaiwudi hiyohiyo, nikaigundishia kitambaa na kuipaka rangi mara tatu ili mvua isipenye. Fundi wa magari akaniletea shokapu za buti, vile vijiti vya gesi vinavyoinua mlango wa nyuma wa gari dogo, tukazifunga zisukume kutoka chini. Kila tulipoongeza kitu nilitundika mizani kwenye kamba na kuvuta. Tisa. Nikatoboa mbao zinazoshikilia plaiwudi ya paa kwa ndani, nikaacha mbavu tu. Saba. Nikabadilisha bawaba. Sita. Mafundi wenzangu wakipita wananiuliza kama nimeanza kutengeneza maboksi ya nyanya. Nikanyamaza, mimi ambaye sinyamazagi.

Likabaki fundo la kufungia kamba paa likishapanda. Mkono mmoja haufungi fundo, jaribu uone. Basi nikaipiga kamba mafundo mwenyewe, moja kila shubiri, na kwenye nguzo nikachonga mkato. Ukivuta unalitumbukiza fundo kwenye mkato, linakaa, unapumzisha mkono, unavuta tena. Siku ya kumi na mbili mizani ikasoma nne na nusu. Nilisoma mara tatu, nikamwita fundi wa magari naye asome.

Mke wangu nikamwambia tu, "Tayari." Akasema, "Hapa sijaribu. Majirani walishaona sinema ya kutosha. Nitajaribia kwangu, na ikishindikana nitampigia mwanangu nikiwa hukohuko, nimwambie akodishe."

Tukafika Mahurunga baada ya adhuhuri. Alichagua mwenyewe mahali, katikati ya mikorosho, nikaegesha na kuweka mawe kwenye matairi. Korosho za kwanza zilikuwa zimeshadondoka kwenye majani makavu. Akapanda ngazi polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda chini ya lile paa lililolala, simu akaiweka pajani. Mimi nikasimama mlangoni.

"Unangoja nini?"

"Nione."

"Nenda kachote maji."

"Maji yapo, madumu mawili."

"Nataka ya kisimani."

Nikachukua ndoo. Kisima si mbali, ila siku ile sijui nilitembeaje. Nilichota, nikamwaga, nikachota tena, masikio yote yakiwa nyuma, nikingoja mshindo wa paa kuanguka au sauti yake kwenye simu. Sikusikia kitu isipokuwa ndege. Niliogopa kurudi, nasema kweli. Mwanamume mzima nimeshika ndoo naogopa kurudi kwa mke wangu.

Nilipotokeza kwenye mikorosho nikaliona turubai jeupe, limesimama, limenyooka pembe zote nne. Nikaanza kukimbia, maji yananimwagikia miguuni, nikautupa mkono kwenye mlango niingie nimkumbatie. Mlango haukufunguka. Ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Nani?"

"Mimi! Fungua, mama watoto, umeweza!"

"Wewe nani, unavamia nyumba ya mtu?" Kisha sauti yake ikashuka. "Tangu niugue hakuna anayenipigia hodi. Si wewe, si majirani, si mawifi. Mnaingia tu, mnanikuta nilivyo. Hapa ni kwangu. Rudi nyuma upige hodi."

Nikarudi nyuma. Nikaweka ndoo chini, nikafuta macho kwa mkono wa shati.

"Hodi."

Akaniacha nisimame. Kisha nikasikia komeo likisogezwa kwa ule mkono wa kushoto, likikwama, likisogezwa tena. Lilichukua muda. Sikugusa kitu.

"Karibu," akasema. "Na uvue viatu."