Prosesa ya Viini Viwili

Mume wangu alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya kutwa karibu na Kosele. Likizo zilipofika, wenzake walirudi mashambani mwao. Yeye alikwenda Masara, upande wa Migori, kuchimba dhahabu kwa zamu pamoja na watu aliowahi kuwafundisha. Alisema karo ya watoto wetu wawili haisubiri mshahara. Likizo moja ya Agosti, baruti iliyokataa kulipuka asubuhi ililipuka mchana, yeye akiwa ameinama karibu nayo. Walimtoa shimoni akiwa hai. Ngozi ya uso ilipona na mikono ikapona, lakini macho hayakupona.

Tulikaa hospitalini Kisumu wiki sita. Aliporudi nyumbani akawa mtu wa kulala akiuelekea ukuta. Watu wa kanisa letu walikuja kila Sabato alasiri, wakaimba, wakaomba, wakaenda zao, naye hakuwaambia hata asante. Aliyemwamsha ni mwalimu mkuu wake. Alileta habari kwamba mwajiri angempa muda mpaka muhula wa pili. Kama angeonyesha kwamba anaweza kuandaa masomo bila macho, huenda angeachiwa darasa lake. Akatueleza kuwa iko programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kompyuta, na hailipiwi. Kompyuta yenyewe ndiyo tungejitafutia.

Tuliuza pikipiki yake. Siku mnunuzi alipoiwasha na kuondoka nayo, mume wangu alisimama mlangoni akasikiliza mlio mpaka ukapotea, kisha akaniambia nichukue kalamu. Kompyuta ya kupakata, hata iliyotumika, ilizidi uwezo wetu. Tungenunua vipande kimoja kimoja na kuviunganisha wenyewe. Yeye alitaja, mimi nikaandika kwenye daftari la mtoto: kasha, mazabodi ya kubeba vifaa vyote, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine, memori, diski, skrini kuukuu, na betri ya akiba, maana umeme wa Kosele huondoka bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kusikia ile sauti yake ya darasani.

Mjini Migori kulikuwa na mzee wa Pwani aliyeuza vifaa vya kompyuta, Mwislamu mpole, aliyekaa huko miaka mingi hata akajua kupatana bei kwa Dholuo. Nilimwekea daftari mbele yake na kumweleza kila kitu. Alilisoma polepole, akaweka kidole kwenye neno prosesa.

"Mama, kazi ya mwalimu ni kuandika na kusomewa," alisema. "Chukua hii ya viini viwili, yaani vichwa viwili vya kufikiria. Viini vyake ni vichache lakini vina kasi, na programu ile haitumii zaidi ya hapo. Inayobaki weka kwenye memori na diski, atakushukuru."

Ile ya viini vinne ilikuwa karibu mara tatu ya bei hiyo. Nilimpigia mume wangu simu palepale dukani, nikamweleza alivyosema mzee. Akasema ninunue ya viini vinne. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki kitu cha kuonewa huruma. Nikanunua ya viini vinne. Fedha ya betri haikutosha tena, nikaifunga kwenye leso kwa ajili ya safari nyingine.

Mzee alinionyesha namna ya kuipachika. Prosesa ile ilikuwa kipande kidogo cha mraba, na upande wake wa chini umejaa pini nyembamba kuliko sindano, mia na mia, zimepakwa dhahabu. Alinionya nisiziguse. Nami nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu yote, pamoja na hiyo dhahabu, ila onyo lile sikumwambia. Sikuona haja. Ni mimi ningeipachika.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta mezani, boksi liko wazi, prosesa imo viganjani mwake, anaipapasa kwa dole gumba taratibu. Alikuwa anatabasamu. Aliniambia amejaribu kuhesabu pini za safu moja akashindwa, kwamba miaka yote ile Masara hajawahi kushika dhahabu iliyopangwa vizuri hivyo. Nikaipokea. Pini za pembe moja zilikuwa zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Akauliza, "Iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Jioni tulipokaa kuiunganisha, ilikataa kuingia kwenye soketi, kiota chake juu ya mazabodi. Yeye akawa anangoja, mikono juu ya meza. Ningeweza kusema kweli wakati ule. Badala yake nilisema pini zimepinda, bila shaka tumeuziwa mbovu. Nilidhani atasikitika kidogo na mambo yaishe. Lakini aliomba simu, na kabla sijamzuia alikuwa anaongea na yule mzee. Alimwita mwizi. Alimwambia ameona mwanamke na kipofu akajua atawauzia takataka. Nilisikia sauti ya mzee, bila hasira, ikisema mama ailete aitazame.

Nilikwenda asubuhi. Mzee aliiweka chini ya taa na kioo cha kukuzia. Nikamwambia ni mume wangu aliyeigusa, na ni mimi niliyedanganya. Aliitikia kwa kichwa. Akasema alijua tangu simu ilipopigwa, kwa sababu kila kifaa hukikagua mbele ya mnunuzi, na mimi nilikuwapo.

Alijaribu kuzinyoosha pini kwa ncha ya wembe. Alifanya kazi hiyo karibu saa nzima, wateja wakisubiri. Moja ikakatika, halafu ya pili. Akaweka wembe chini.

"Hii imekwisha, mama," alisema.

Akaniambia ile ya viini viwili inaingia kwenye soketi ileile. Nilifungua leso, nikainunua kwa fedha ya betri. Hakuomba zaidi wala hakunipunguzia, nami nilimheshimu kwa hilo.

Nilimwambia mume wangu jua lilipokuwa linashuka, watoto wakiwa bado nje. Sikuficha kitu. Alivisugua vidole vyake, kana kwamba vina vumbi.

"Nyar Kisegi," alisema, yaani binti wa Kisegi, maana hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kijiji nilikozaliwa. "Ungeniambia siku ile, ningekuwa kipofu tu. Sasa umenifanya kipofu na mtoto."

Siku mbili hakusema nami. Ya tatu aliomba simu, akampigia mzee, akamwambia, "Nilikuita mwizi. Nisamehe." Mzee alizungumza kwa kirefu, mume wangu alijibu ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho. Sikumuuliza aliambiwa nini.

Kompyuta tuliiunganisha Jumapili. Mimi niliipachika prosesa, nikamshika mkono nikamwekea kwenye kile kijiti cha kuifunga, akakibana mwenyewe. Ilifanya kazi, na mzee alikuwa amesema kweli: viini viwili vilitosha. Sauti ya programu ilikisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, tukazoea. Alijifunza kuandika kwa wiki nyingi. Mara kadhaa umeme ulikatika akiwa katikati ya somo, na kazi ya asubuhi yote ikapotea, kwa kuwa hatukuwa na betri. Hakunilaumu kwa maneno. Alikuwa akiketi tu, mikono juu ya vitufe, mpaka umeme urudi, halafu anaanza tena tangu mwanzo.

Muhula wa pili mwalimu mkuu alikuja, akasomewa masomo ya mwezi mzima na mashine. Alitoka ameshika kitambaa usoni. Akaandika ripoti nzuri; nina hakika ilikuwa nzuri, kwa sababu alituonyesha.

Jibu lilikuja kwa barua pepe. Nilikuwa uani naanika mahindi nikasikia ile sauti ya kigeni inasoma, bila kupumua penye nukta, kwamba mwajiri anamshukuru kwa utumishi wake na anamstaafisha kwa sababu za kiafya. Ikasoma tena. Mara ya tatu nikaingia. Aliniuliza kama chini ya maneno hayo kuna jambo lingine ambalo mashine haiwezi kulisoma. Niliangalia. Kulikuwa na sahihi na muhuri.

Alikata rufaa, akaiandika mwenyewe kurasa mbili. Miezi ikapita. Jibu lilipofika hakutaka mashine ilisome. Alisema nimsomee mimi. Lilikuwa lilelile, fupi zaidi. Sauti yangu ilikatika mara mbili.

"Mashine ingesoma vizuri kuliko wewe," alisema, na akanitafuta mkono.

Kodi ya nyumba ya Kosele ilitushinda mwishoni mwa mwaka, tukahamia Kisegi kwa mama yangu. Mimi nauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Mume wangu hukaa kibarazani, na watu wakipita humsalimu kwa sauti kubwa na maneno machache, kama vile yaliyopotea ni masikio yake. Hajawahi kumsahihisha hata mmoja.