Maua Kwenye Boriti

Hapana, sijanuna, na mchoro wako wa daraja mzuri tu. Nimenyamaza kwa sababu nimekusikia hapo kibarazani ukiongea na yule mhandisi mnayefanya naye kazi kwenye simu: "Braza, we piga hesabu zako, urembo niachie mie." Ulipokata ukamwigiza sauti, wenzio wakacheka. Kuigiza umerithi kwangu, mjukuu wangu. Njoo ukae.

Nakumbuka tulivyojenga daraja letu la miguu, hapa hapa Keko, kuvuka lile korongo nyuma ya karakana. Babu yako Hamisi alikuwa fundi samani, vitanda vyake watu wanavifuata toka Mikocheni huko. Nikamwambia, hili daraja lisiwe la kimaskini, nataka maua kama ya kitanda chetu. Basi akayachukua yale maboriti mawili yanayobeba daraja zima, akaanza kuyachonga. Patasi inazama vidole viwili.

Akapita Mzee Chilumba, mtu wa Kusini, kwao alishajenga sana madaraja ya magogo. Akaligonga boriti moja kwa kiganja. "Hamisi, boliti hili ndo linabeba. Ukilichonga unalimaliza nguvu. Maua weka pale pa kushikia." Akanigeukia mie: "Na siku ya jeneza, mama? Mtapita wangapi?"

Hamisi akaweka patasi chini.

Mie nikasimama katikati ya mafundi, nikapinda mgongo kama yeye, nikaminya pua: "Boliti! Boliti! Na jeneza, mama?" Karakana nzima hoi kwa kicheko. Hamisi naye akacheka, akaiokota patasi yake. Mzee Chilumba akasema, "Haya," akaenda zake.

Likawa zuri, wallahi. Maharusi walikuwa wanakuja kupigia picha. Na likatubeba, mmoja mmoja, wawili wawili, mpaka alipofariki jirani yetu Mama Zuhura. Unajua sie tunavyozika: hakuna mwanamume anayekubali jeneza lipite asilitie bega. Wakajazana wote darajani, wanapokezana mbio mbio, mzigo wote uko katikati. Boriti likakatika pale pale kwenye ua kubwa kuliko yote, nililolitaka mie. Wanaume wawili tuliwazika kesho yake. Hamisi, naye alikuwa amelitia bega, walimkata mguu.

Lile daraja la nyaya unalolisifia kila siku, si umenambia mwenyewe zile nyaya sio pambo, ndo zinabeba barabara? Basi aliyechora na aliyepiga hesabu walikaa meza moja toka mstari wa kwanza. Mpigie mwenzio sasa hivi. Muulize mzigo unapita wapi kabla hujaweka ua hata moja. Akikwambia hapa hapana, usimfanye kichekesho. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio linalosikia, na utakachosimamisha kisimwangushe mtoto wa mtu. Sema amin.

Babu yako hakunigombeza, ujue. Alitoka hospitali na magongo, nikajitahidi kumchangamsha, nikamwigizia daktari, nikamwigizia nesi anavyotembea na viatu vyake vya kubana. Akanitazama mpaka nikamaliza. Ndo siku aliyohamia kwa dada yake Gongo la Mboto, asirudi tena. Pale mlangoni akaniambia:

"Haya, sasa niigize na mie ninavyotembea."