Jike Aliyekataa Kula

Mbwa aliyemuua yule sungura dume ni wa mama wa nyumba ya pembeni, yule wa kwaya, anayebeba Biblia yenye zipu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni mvua ya mawe. Mbwa alifunguliwa kamba na mtu mwenye mikono, jioni, watu wakiwa bado wanaanua nguo. Na waya uliokuwa umefunika kizimba kwa chini ulitolewa na keretaka, msimamizi wa ploti yetu, akaenda kuzibia banda la kuku wake, akaniambia ataniletea mwingine kesho. Hiyo kesho bado tunaingoja. Kwa hivyo waliomuua dume ni watu wawili na mbwa. Mbwa nimemsamehe.

Sungura hawakuwa wangu. Walikuwa wa binti yangu, aliwanunua wakiwa wadogo, dume na jike, akawalea hapo nyuma ya choo, pale jua la asubuhi linafika. Alipopata kazi ya nyumba huko Uarabuni aliniachia. Mimi nilikuwa nimeapa sifugi kitu tena. Kule Kuresoi tulikuwa na ng'ombe na kondoo na viazi mpaka mtu unachoka kuvuna, na mwaka ule wa moto wa uchaguzi vyote viliisha kwa asubuhi moja. Aliyewaonyesha wachomaji nyumba yetu ni jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa na wilibaro yetu kwake siku hiyo hiyo. Bwana yangu alikufia kambi ya wakimbizi kwa kifua. Shamba likauzwa na ndugu yake. Ukishapoteza hivyo, hata paka akipita mlangoni unamfukuza, usije ukamzoea.

Lakini mtoto akikuachia kitu unakishika. Nikawa nawakatia nyasi, nawaletea majani ya kabeji kutoka sokoni, mahali nauza viazi. Na nikawazoea, ndiyo. Walikuwa wanalala wamebanana kama ndala zilizovuliwa mlangoni.

Baada ya dume kufa, jike aligeukia kona. Nilimwekea nyasi, hakugusa. Nikamwekea majani ya viazi vitamu, ambayo zamani alikuwa anayavuta mkononi kwangu kabla sijafungua mlango vizuri, akayanusa halafu akarudi kona. Kinyesi chake kikawa kidogo kidogo, kama mbegu za sukuma wiki. Nikaenda kwa duka la dawa za mifugo. Kijana wa huko hakuinua macho kwenye simu.

"Mathe, sungura akikaa bila kula tumbo linasimama. Likisimama, amekwenda."

"Kwani hakuna dawa?"

"Dawa ya upweke?" Sasa ndio akaniangalia. "Hiyo hatuuzi."

Kuanzia hapo sikukaa mahali. Nikiwa sokoni mguu unapiga chini wenyewe. Nampimia mtu viazi, nasahau kama nimeshampimia, nampa tena. Nikimwomba mwenzangu aniangalilie meza, nakimbia nyumbani kutazama kama nyasi zimepungua. Hazijapungua. Narudi sokoni. Nikifika naona kama kuna kitu sikuangalia vizuri, nataka kurudi tena. Mwenzangu akaniuliza, "Mama, una mtoto mchanga kwa nyumba?" Nikamwambia anyamaze auze.

Jumapili binti akapiga ile simu ya kuonana. Kila Jumapili anasema, "Mum, nionyeshe watoto," ananiambia nielekeze simu kwa kizimba. Safari hii nilielekeza kwa ukuta nikajifanya mtandao ni mbaya. Mtoto hadanganyiki.

"Mbona naona mmoja?"

Nikamwambia. Alilia bila sauti, ameinamia sinki ya jikoni ya watu, maji yameachwa wazi ili mwenye nyumba asisikie.

"Mtafutie mwenzake, mum. Usimwache peke yake."

"Ni sungura tu, mama yangu."

"Najua ni sungura. Na mimi najua venye kukaa peke yako inafanya mtu. Mtafutie. Huyo akikufa pia, sijui."

Hakumaliza hiyo sijui. Alikata kwa sababu aliitwa. Mimi nikabaki na simu, na kutoka hapo nilijua sina ruhusa ya kumpoteza yule jike.

Nikaenda soko la kuku. Kuna mwanamume huko anauza sungura kwa kreti za soda, na huyo namtaja kwa kazi yake kwa sababu anajijua. Nikamwambia nataka dume. Akamwinua mmoja kwa shingo, akampuliza manyoya ya chini, akasema, "Dume halisi hili, mama, ona mwenyewe." Mimi nitaona nini? Nikambeba kwa mfuko wa karatasi ya kaki. Kufika nyumbani, wale wawili wakapigana mpaka kizimba kinatingika. Nikampeleka kwa kijana wa dawa za mifugo, akamgeuza, akacheka. Lilikuwa jike. Nikamrudisha, na yule mwanamume akaniambia labda lilikuwa dume asubuhi. Watu wakacheka. Kila mtu soko lile ana kichekesho.

Mama mmoja anayetuletea vitunguu kutoka upande wa Longonot ndiye aliyeniambia kuna mzee kwao, nyuma ya reli, anafuga sungura tangu astaafu kazi ya shamba la maua. Siku iliyofuata nikafunga meza nikaenda. Mzee alikuwa ameketi kwenye jerikeni iliyolazwa, anachonga mti wa mlango wa kizimba.

"Mama, unataka wa nyama ama wa mbegu?"

"Wa kukaa."

"Kukaa namna gani?"

"Kukaa na mwenzake. Yuko jike amefiwa."

Akaweka kisu chini. "Mimi bibi yangu alikufa mwaka juzi, na sijaona mtu akizunguka Rift Valley yote akinitafutia."

"Wewe hujakataa kula, mzee."

Akajipigapiga tumbo. "Hapo umesema kweli."

Akanizungusha. Madume vijana aliwataja akiwapita: huyu ni mkali, huyu anakojolea watu, huyu atamsumbua jike wako mchana na usiku na yeye ana huzuni. Mwisho kabisa, kizimba cha chini, kulikuwa na dume mzee wa kijivu, sikio moja limepasuka kama jani la ndizi. Alikuwa anatafuna bua la mahindi polepole.

"Huyu amestaafu kama mimi," mzee akasema. "Mwenzake alikufa kwa baridi. Krismasi nilikuwa nimwingize sufuria, lakini nikamwangalia, nikaona nyama yake itatoa mtu meno."

Nikaweka mkono ndani. Dume hakukimbia. Alinusa kidole changu, akakiona si chakula, akarudi kwa bua lake. Nikasema huyu.

"Sawa. Lakini sheria ya sungura ni moja. Jike ndiye hupelekwa kwa dume. Hata sisi watu si ndivyo tunaoana? Ukimpeleka dume kwa jike, jike atampiga. Mlete huyo wako hapa, akae siku chache tu. Wakizoeana, unawachukua wote."

Siku chache tu. Mzee hakujua alichosema. Hayo ndiyo maneno tuliyoambiwa na mzee wa mtaa wetu kule Kuresoi, amesimama kwa mlango wangu na kofia mkononi: tokeni siku chache tu, mambo yatulie. Baadaye ng'ombe wake ndio walilishwa kwa shamba letu la viazi, na hilo nimeambiwa na watu waliowaona.

"Jike wangu hatoki kwake," nikasema.

"Mama, hii ni kawaida ya sungura."

"Hatoki."

Mzee akainua mabega. "Basi mimi nimesema." Akamfunga dume kwa gunia, akanitobolea matundu ya hewa.

Nilimwingiza yule dume kizimbani kwa jike jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nimesafisha, nimeweka nyasi mpya, waya mpya chini niliyofunga mwenyewe. Jike akageuka kutoka kona. Mara ya kwanza tangu msiba nikamwona ameinua masikio. Halafu akamrukia. Alimng'ata mgongoni, akamtoa manyoya kwa mafungu, akamzungusha, na yule mzee wa watu hakurudisha hata mara moja. Alijibana kwa mlango akaweka pua kwa waya, kama mtu anayeuliza kama ataruhusiwa kwenda. Nikamtoa. Mikono yangu ilichanwa mpaka kwenye kiwiko. Nikamweka ndani kwangu, chini ya kikapu cha viazi, na jike akarudi kona. Sasa alikuwa anasaga meno, na kijana wa dawa za mifugo alikuwa ameniambia sungura akisaga meno hivyo, tumbo linamuuma.

Nikazunguka ile ploti. Nafika kwa mfereji, narudi. Nafika kwa geti, narudi. Mama wa kwaya alichungulia pazia, akalirudisha. Nilikuwa na hasira na mzee wa Longonot kwa sababu alisema ukweli. Hapo ndipo shemeji akanijia kichwani, ndugu ya bwana yangu. Tulipokuwa tumepanga chumba baada ya kambi, wazee wa ukoo walimleta kwangu, wakasema atanitunza. Aliingia akakalia kiti cha marehemu bila kuulizwa, akaniagiza chai. Nilimtoa na mwiko wa ugali, akaenda akauza shamba kwa hasira hiyo. Na kama wangenipeleka kwake badala ya kumleta kwangu? Ningekaa kwa pembe ya nyumba ya mtu, nimenyamaza, wakasema nimezoea. Jike kwenda kwa dume, dume kuja kwa jike, kote kuna mwenye mahali na mgeni. Nikaona wanahitaji mahali ambapo hakuna aliyekojoa kabla ya mwingine.

Nyumba ya nne ilikuwa tupu. Waliokuwa wakikaa humo walikuwa wamehama, imepakwa rangi. Funguo anazo keretaka. Ilinichukua usiku mzima kukubali kwenda kumwomba, na asubuhi nikaenda.

"Niaje, mathe."

"Nipe funguo ya nyumba namba nne."

"Kuna mtu anakuja kuiona saa nane. Wataka kuhama? Si yako iko sawa?"

"Nataka kuingiza sungura."

Akacheka, akaita mwenzake aliyekuwa anafua viatu. "Boss, sikia hii. Sungura wanatafuta bedsita ya kupanga." Wakacheka wawili. Nikangoja wamalize.

"Ulichukua waya wangu," nikamwambia.

"Si nilisema nitaleta?"

"Sijakuja kwa waya. Nipe funguo mpaka saa nane."

Aliangalia viatu vya mwenzake, akaangalia funguo. Akaichomoa ile moja kwenye pete yake. Hakusema pole. Mimi sikusema asante.

Chumba kilinuka rangi na sabuni, kwa hivyo hakikunuka mtu. Nikawaweka, mmoja huku, mmoja kule, mimi nikakaa katikati kwenye kreti, na ubao mkononi wa kuwatenga. Jike alimkimbilia mara moja, akasimama njiani, kama mtu amesahau alichokuwa anagombania. Akanusa sakafu. Akanusa ukuta. Akamkimbilia tena, akamng'ata kidogo tu, akamwacha. Dume alijilaza kabisa, kidevu chini, kama kitambaa kilichoanguka. Wakakaa hivyo. Mimi natamani kuwasukuma karibu, natamani kuwatenganisha, sijui natamani nini. Nilishika kreti kwa mikono miwili ili nisiinuke.

Mlango ukagongwa pole. Ni mama wa kwaya, na fungu la dania, yale majani ya kutia kwa mchuzi.

"Mama, nimesikia kwa keretaka. Nimesikia wanapenda hii."

Sikusimama. "Mbwa yuko wapi?"

"Amefungwa. Anafungwa siku hizi, hata usiku." Alisimama hapo anazungusha lile fungu. "Nilikuwa nataka kuja tangu siku ile, nikaogopa mdomo wako."

"Uliogopa vizuri. Weka hapo."

Aliweka kizingitini akaenda. Nilifikiria kuitupa nje. Mkono ulikwenda kuichukua ya kutupa kabisa. Lakini nilikuwa sina jani lingine ambalo sijajaribu, na yule jike alikuwa ameshainua pua.

Nikasukuma dania katikati. Dume ndiye alianza, kwa ule utaratibu wake wa mstaafu, shina kwanza. Jike akasogea. Akainamisha kichwa mbele ya mdomo wa dume, chini kabisa, mpaka nikafikiri anaanguka. Dume akaacha dania akamlamba paji la uso, mara nyingi, kama mtu anayepiga pasi. Halafu jike akafungua macho, akashika ncha ya lile shina dume aliloliacha, akavuta. Nikasikia anatafuna.

Keretaka akagonga. "Mathe, mtu wa nyumba amefika."

"Angoje."

"Ana haraka, mathe. Anataka kuona ndani."

Jike alichukua shina la pili. Niliweka mgongo kwa mlango nikauegemea, na nikasema kwa sauti ambayo hata mama wa kwaya aliisikia kwake, kwamba nyumba ina watu, na watatoka wakishiba.