Gari Lililopumzishwa

Kwetu Katesh watu wanaamini gari la otomatiki haliendeshwi, linakaliwa. Nimelisikia neno hilo kwenye kituo cha mafuta, dukani kwetu, hata msibani, na wanaolisema ni wanaume wenye akili timamu ambao wanaweza kukuuzia simenti bila kukupunja. Dereva kwao ni mtu anayekanyaga klachi. Mwingine yeyote ni abiria aliyekosea upande wa kuketi.

Mimi sikanyagi klachi. Nikiwa shule ya msingi nilianguka kutoka juu ya lori la baba, siku tuliyokwenda kubeba mahindi Masieda, na kifundo cha mguu wangu wa kushoto kikaunga vibaya. Hakikunjiki. Natembea, napanda ngazi, nasimama dukani kutwa nzima nauza misumari na mabati, lakini klachi inanishinda. Ni jambo la mfupa tu, halina uhusiano wowote na akili, na nimechoka kulieleza.

Nilipopata uwezo wangu mwenyewe nikanunua gari la michezo. Lilikuwa la Kijapani, limetumika, jekundu, milango miwili, otomatiki, na tumbo lake karibu liguse barabara. Mama alipoliona aliuliza magunia yatakaa wapi. Nikamwambia hayatakaa. Akacheka, kisha akasema basi niwe navaa vizuri nikiwa ndani yake, kwa sababu nitaonekana kutoka mbali.

Chini ya Gendabi kuna ziwa ambalo kiangazi hukauka, ukabaki uwanda mweupe wa udongo mgumu na chumvi. Wafugaji huleta ng'ombe wao kulamba. Kila kiangazi mafundi, wauza vipuri na watoto wa wenye maduka kutoka Katesh, Babati na Mbulu hukusanyika hapo, wakapanga matairi mabovu yaliyopakwa chokaa, na kushindana nani anauzunguka uwanja haraka zaidi. Wanaondoka mmoja mmoja, na muda wa kila mtu unasomwa kwenye kipaza sauti. Makubaliano na wafugaji ni kwamba magari yatoke kabla mifugo haijafika. Hakuna anayeyavunja, maana ng'ombe hampishi mtu kwa sababu ana gari zuri.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nizunguke pale mbele yao, muda wangu usomwe kama unavyosomwa wa wengine, na wale wanaume wakiri hata kwa shingo upande kwamba huyu dada naye ni dereva. Zawadi sikuitaka. Mwaka uliotangulia mshindi alipewa mbuzi, na mimi mbuzi ninao.

Nilifanya mazoezi pale pale uwandani Jumapili asubuhi, wakati wakulima wako kanisani na dukani hakuna wateja. Gari hilo ukiliacha kwenye D linajichagulia gia lenyewe, na linachagua kama mtu mwoga. Uko katikati ya kona, unataka nguvu, lenyewe linapanda gia ya juu na kulegea. Nikajifunza kulishikilia kwenye 2 kabla ya kona, nifunge breki mapema gari likiwa bado limenyooka, kisha nikanyage mafuta kidogo kidogo mpaka nitokeze upande wa pili. Nikajifunza pia kwamba gia boksi ya otomatiki inaishi kwa oili, na kwamba adui yake ni joto. Kwa hiyo mzunguko mmoja nilikwenda mbio, unaofuata nikaenda polepole ipate kupoa. Nilikuwa nasimama, nachomoa kijiti cha kupimia na kunusa. Oili ikinuka kama ugali ulioungua, siku hiyo nilikuwa nafunga kazi na kurudi nyumbani. Kama huko ni kukaa, basi nilikuwa nakaa kwa jasho.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesimama mahali pa baba tangu baba afariki. Amekulia kwenye malori, na malori ya ukoo wetu yako mikononi mwake. Ninamwamkia shikamoo kila asubuhi na ninamheshimu. Nasema hivyo ili msidhani naandika kwa chuki tu. Chuki ipo, lakini haiko peke yake.

Wiki ile ya mashindano alikuja dukani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nipe funguo ya gari yako. Kesho tunapeleka posa Dongobesh, hatuwezi kwenda na lori kama watu tunaofuata vitunguu."

Posa ilikuwa ya mtoto wa baba yetu mdogo. Nikamwambia kaka kwamba Jumapili nina mashindano.

"Si itakuwa imesharudi? Mimi nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa."

Mama alikuwa amekaa pale pembeni ya mizani ya misumari, ananitazama. Kaka mkubwa hanyimwi funguo mbele ya mama, tena kwa habari ya posa. Nikampa. Nilichosema ni hiki tu: "Kaka, mkono wa gia uache kwenye D. Usiuguse njiani." Akacheka, akanipiga kidogo begani, akaondoka.

Alirudi kesho yake jioni na furaha tele. Posa ilikuwa imepokelewa. Tukakaa kula, naye akasimulia walivyokaribishwa, nyama iliyochinjwa, mzee wa upande wa pili alivyojifanya mgumu halafu akalainika. Kisha akafika kwenye safari ya kurudi.

"Ile gari yako ni nyepesi, bwana. Kuanzia Bashanet mpaka Dareda sijatumia mafuta kabisa. Nimezima injini, nimeweka free, imeteremka yenyewe mpaka chini."

Wote wakafurahi. Hapa inabidi nieleze, kwa sababu asiye wa huku hatajua walichofurahia. Madereva wa malori wa kwetu, wakifika kwenye mteremko mrefu wa kushuka Bonde la Ufa, huzima injini, hutoa gia na kuliacha gari liende. Wanaita kulipumzisha gari. Ni hatari, kuna malori mengi korongoni yanayoweza kutoa ushahidi, lakini kwao ni ujuzi, na baba naye alikuwa anafanya. Sasa, lori lina gia boksi ya kawaida, litavumilia. La otomatiki halivumilii. Pampu inayosukuma oili ndani ya gia boksi inazungushwa na injini. Zima injini magurudumu yakiwa yanazunguka, na vyuma vyote mle ndani vinasagana vikavu. Kaka yangu alikuwa amevisaga mteremko mzima, huku kioo kimeshushwa, anapunga upepo.

"Kaka, ulizima injini kabisa?"

"Nimeipumzisha. Imetoka mbali."

"Ya otomatiki haipumzishwi hivyo. Oili inakuwa haizunguki. Unaiua."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma kitu kwenye simu.

"Wewe, gari gani inakufa kwa kupumzishwa?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama akasema, "Mwache kaka yako ale." Nikanawa mikono kabla sijamaliza kula. Nilikuwa na hasira iliyofanya masikio yangu yawe ya moto, na katikati ya hasira hiyo nilikuwa naombea awe yeye ndiye aliye sahihi. Nilikuwa tayari kuchekwa mwezi mzima mradi gari liwe zima.

Asubuhi nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa nyeusi na ndani yake mlikuwa na vumbi la chuma, linameremeta vizuri tu juani. Fundi wangu akaimwaga, akaweka mpya, akalijaribu mpaka njia ya Gendabi na kurudi. Alisema gia boksi inatakiwa kufunguliwa, na mtu wa kuifungua yuko Arusha.

"Jumapili nitazunguka?" nikamuuliza.

"Utaanza," akasema. "Kumaliza sijui."

Ningeweza kujitoa. Nililifikiria jambo hilo siku zote zilizobaki, nikiwa napima misumari na kukosea. Lakini nilijua watakavyosema: ameogopa, tulijua. Nikaona ni afadhali gari linifie uwanjani kuliko mimi kufia dukani.

Jumapili kulikuwa na upepo na vumbi jeupe lilikuwa linaingia mpaka menoni. Kaka alikuja na rafiki zake, na pamoja nao wakwe wetu wapya wa Dongobesh, waliokuwa wamealikwa waje waone. Aliwaonyesha gari langu kwa kidole. Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaitwa. Nikaanza polepole kuipasha moto oili, nikaupita mstari, nikakanyaga. Kona ya kwanza niliipita vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi. Ya pili vivyo hivyo. Gari lilikuwa limeshika 2, mkia umetulia, na nikayaona matairi yenye chokaa yakipita ubavuni kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Nilicheka kwa sauti humo ndani. Nilikuwa dereva, na nilijua, na walikuwa wanatazama.

Kwenye kona ya tatu nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halikuvuta. Nikakanyaga tena. Injini ikapiga kelele peke yake na gari likaendelea kupungua mwendo. Harufu ya kuungua ikajaa. Likasimama katikati ya uwanja mweupe, mbele ya kila mtu niliyemfahamu.

Wanaume wakaja mbio kusukuma. Walikuwa wakarimu kweli. Mmoja akanifungulia mlango, mwingine akaniletea chupa ya maji. Mtangazaji, ambaye siku nyingine anauza vipuri jirani na duka letu, akasema kwenye kipaza sauti: "Tumpe pole dada yetu. Yeye hana kosa kabisa. Hizi otomatiki ndivyo zilivyo." Watu wakapiga makofi.

Kaka akafika, akaweka mkono juu ya paa la gari. "Pole, mdogo wangu. Nilijua tu hizi gari hazina uvumilivu."

Wakwe walikuwa wamesimama nyuma yake. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, Bashanet na Dareda na injini iliyozimwa. Ningeyasema ningemuumbua mtu aliyesimama mahali pa baba, mbele ya watu aliowapelekea posa wiki ile ile. Nikamwambia, "Asante, kaka." Sijawahi kutamka shukrani chungu kama ile. Nyumbani hakuuliza kilichoharibika, na hadi leo akiwa na wageni anasimulia jinsi gari lile lilivyoteremka.

Lakini lililonibaki ni jingine. Aliyenifuata uwanjani alikuwa fundi wa Babati mwenye gari la gia. Kwenye kona ile ile ya tatu alichelewa breki, akayavaa matairi na kuyatawanya. Mtangazaji alimsema bila huruma. Ameshika gia isiyofaa, amekimbilia sifa, arudi akajifunze upya. Watu wakamzomea mpaka akashuka ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemkaribia.

Nilikuwa nimekaa juu ya boneti ya gari langu, namtazama, na nikamwonea wivu ambao sijapata kumwonea mtu mwingine duniani. Yeye walimlaumu. Mimi walinipa maji.