Paka wa Mama Kasoki na kopo la pomadi

Saa moja asubuhi, Mama Kasoki anafungua duka lake la vipodozi sokoni Bweremana, kando ya Ziwa Kivu. Kabla hajapanga sabuni mezani, anambeba paka wake hadi mlangoni penye mwanga na kumkagua ubavu wa kushoto. Manyoya yameanza kuota.

"Bado kidogo, Bijou," anamwambia. Paka anajinyoosha tu.

Kasoki, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, alitoka Butembo miaka tisa iliyopita. Alijulikana kwa pomadi ya kung'arisha ngozi aliyoichanganya mwenyewe nyuma ya duka, kwa dawa za chupa zenye maandishi ya kigeni. Siku ya soko aliuza makopo ishirini.

Kasoki alimkuta Bijou ndani ya gunia la mkaa, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Tangu hapo wanakula pamoja sambaza, vidagaa vya ziwani, na panya hawagusi tena bidhaa zake.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Bijou aliruka kwenye rafu akifukuza panya, na kopo lililokuwa wazi likammwagikia. Kasoki alipogeuka kutoka kwa mteja, paka alikuwa amelowa pomadi toka bega hadi kiuno, akijilamba. Punde mate yakaanza kumtiririka, na ngozi chini ya manyoya ikawa nyekundu.

Jirani mmoja alishauri apakwe mawese, mwingine anyweshwe maziwa ya chumvi atapike. Kasoki alimviringisha paka ndani ya kitenge asiendelee kujilamba, akaacha duka wazi, akakimbilia kwa Hakorimana, mganga wa mifugo aliyezoea ng'ombe wa vilima vya Masisi.

Hakorimana hakucheka kuletewa paka. Alimwosha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Akakataza kumtapisha, kwani dawa kali ikirudi huunguza koo mara ya pili. Kisha akauliza:

"Mama, mu ile pomadi iko nini?"

Kasoki alimfunika paka vizuri kwa kitenge. "Sijui, Papa. Niko nauzisha tu."

Siku mbili alikaa na Bijou mapajani, akimpa maji kwa kijiko. Aliwawaza wanawake waliorudi dukani na mashavu yaliyoungua, naye akawaambia wavumilie.

"Paka hawezi sema inamuuma," anasema. "Lakini wale bamama walisema, na sikuwasikia. Ile njo ilinichoma roho."

Siku ya tatu Bijou alikula samaki. Wiki hiyohiyo Kasoki aliacha kuchanganya pomadi, akawatembelea wateja wake nyumbani kuwaomba msamaha. Wengine wamehamia duka jingine. Nadine, ambaye bado ana kovu shavuni, alimfokea kwa muda mrefu, kisha akaomba kumshika paka.

Kasoki sasa anajifunza kupika sabuni ya mawese kwa mwanamke mmoja wa Hombo, na anakusudia kuanza kuipika mwenyewe kabla ya mwaka kwisha.

"Ya kwanza nitaoga nayo mimi mwenyewe, mwezi muzima," anasema. "Kisha njo nitauzisha watu."